Bakteria Wapole

Kila asubuhi, kabla sijavaa koti langu jeupe, naingia kitaluni kuisalimia miche. Sisemi "hamjambo" kwa sauti, hapana, sijafika huko. Napita tu kati ya meza na kopo langu la kumwagilia, namwaga maji kwenye kila chungu hadi niyaone yakitokea chini, nahesabu, naandika daftarini: hai, hai, hai. Ni kazi ya dakika arobaini. Plastiki ya paa inakuwa bado ina umande, harufu ya majani ya nyanya inang'ang'ania vidoleni, na hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Katika siku nzima hakuna saa ninayoipenda kama hiyo.

Jumatatu ile nilifika kwenye chungu namba arobaini na moja, nikasimama. Maji yakaendelea kumwagika. Yakajaza chungu, yakafurika mezani, yakanishukia viatuni.

Arobaini na moja ilikuwa imetoa ua.

Ua dogo la njano, limeinama kidogo kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Mtu mwingine angefurahi. Lakini mche ule ulipaswa uwe umekufa wiki mbili zilizopita.

Kituo chetu kinatafuta nyanya inayoweza kuhimili mnyauko. Mnyauko wenyewe unaletwa na bakteria wanaoishi udongoni. Wanaingia mizizini, wanapanda hadi kwenye mirija inayopitisha maji, wanazaana humo na kutoa ute mwingi hadi mirija inaziba. Mche unakufa kwa kiu huku udongo wake umelowa. Leo asubuhi mzima, mchana majani yamelegea, keshokutwa umelala chini. Hakuna dawa ya kupuliza. Daktari, yaani bosi wangu, ametumia miaka sita kutengeneza aina mpya ya nyanya, na huu ulikuwa mtihani wa mwisho: vyungu mia moja na ishirini, kila mche umekatwa mizizi kidogo kwa kisu, kisha umemwagiwa bakteria ninaowatunza mimi maabarani. Wiki tatu zilikuwa zimepita na hakuna hata mmoja ulionyauka. Daktari alikuwa anaimba koridoni.

Kwa kawaida kwenye jaribio kama hili huwekwa pia miche ya kulinganishia, nyanya za kawaida ambazo tunajua zitakufa, ili tuwe na hakika kwamba bakteria wana nguvu. Safari hii Daktari aliiondoa. Meza hazikutosha, na alisema ameshaiona ikifa mara mbili mwaka jana, ya nini kuiua tena? Akaniagiza niitupe. Nikaitupa yote, isipokuwa mmoja. Ulikuwa mfupi, jani lake moja limejikunja, na sikuweza. Chungu namba arobaini na moja kilikuwa kitupu kwa sababu mbegu yake haikuota, basi nikaupandikiza humo na kuandika pembeni, kwa herufi ndogo sana, "wa kawaida." Siku ya kumwaga bakteria niliumwagia huo pia, kwa sababu nilikuwa nafuata mstari na Daktari alikuwa nyuma yangu. Baadaye nilienda chooni kupenga kamasi.

Haukufa. Wiki tatu nzima niliandika "hai" mbele yake na kufurahi kimoyomoyo, kama mtu aliyeficha paka chumbani. Nilijiambia una bahati. Ila mche ulioponea chupuchupu huwa unadumaa. Huu shina lake lilikuwa nene kama penseli, na sasa ua. Hapo ndipo akili yangu, ambayo asubuhi huwa inachelewa kuwaka, ikawaka. Kama nyanya ya kawaida inanenepa, basi nyanya yetu haijashinda kitu. Walioshindwa kupigana ni bakteria.

Na Ijumaa wakulima ishirini na wanne walikuwa wanakuja kuchukua trei za miche mingine ya nyanya yetu mpya, wakaipande kwenye mashamba yaliyokwisha kuambukizwa. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la shangazi yangu.

Nikaenda maabarani, viatu vinatoa chwaka chwaka.

"Fundi," nikaita.

Fundi wa maabara alikuwa amenipa mgongo, anaosha chupa. Ni mtu wa miaka hamsini na ushee, mwenye mwendo wa upande upande tangu goti lake lilipopasuliwa. Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka likizo ya ugonjwa ya miezi minne na nusu. Mimi niliajiriwa wiki moja baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo yote niyajuayo kuhusu kutunza bakteria niliyasoma kwenye daftari lake.

"Bi Mnong'ono!" akasema bila kugeuka. "Umesema kitu, au ni friji?"

"Ni mimi."

"Basi friji lina sauti kubwa kuliko wewe. Kuna nini? Viatu vyako vinalia."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akiendelea kuosha, halafu akaacha kuosha, halafu akafunga bomba.

"Nionyeshe visahani vyako."

Nikafungua kabati la joto na kumtolea. Nakiri hapa nilijisikia fahari kidogo, maana visahani vyangu ni visafi. Chakula tunachowalishia bakteria kina rangi ndani yake, na madoa yangu yalikuwa yamejipanga, mekundu, madogo, ya mviringo, kingo zimenyooka kama vifungo vya shati jipya.

Fundi akanyanyua kisahani kwenye mwanga. Akakishusha. Akakinyanyua tena.

"Nani amewanyoa hawa?"

"Fundi?"

"Hawa wameoga. Wamechana nywele. Wanaenda harusini hawa!" Akacheka hadi akashika goti. "Bi Mnong'ono, nilipoondoka niliacha kisahani kimejaa madoa meupe, yanateleza, yamevujiana kama maziwa ya mtoto yaliyomwagika, katikati pinki. Yako wapi?"

Nilikuwa nayakumbuka vizuri sana.

"Nilidhani ni uchafu," nikasema. "Nilidhani kuna kitu kimeingia. Yalikuwepo na mekundu machache. Daftari limesema chukua doa moja, hamishia kisahani kipya kila Jumatatu. Halikusema lipi. Nikachukua yale... yale yenye adabu."

Fundi akaacha kucheka. Akavuta kigoda akakaa, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Sikuandika lipi," akasema polepole, "kwa sababu hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu nani?"

Akafikiri. "Mimi."

Akaninyooshea kigoda kingine, na nikiwa nimekaa hapo, maji yananikaukia miguuni, akanieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa chuoni. Ndani ya bakteria huyu kuna jeni nyingi za kushambulia. Hii ya kutengeneza ute, ile ya kutengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha kuta za mmea. Juu yao kuna jeni moja kubwa, kama msimamizi wa ujenzi. Bakteria wakiwa wachache, msimamizi anakaa kimya na vibarua wanapumzika, maana kushambulia mkiwa watatu ni kujichosha bure. Lakini kila bakteria anadondosha kemikali yake kidogo kidogo. Wakijazana ndani ya mrija wa nyanya, kemikali inakolea, msimamizi anaamka, anapiga filimbi, na ute unaanza kumwagika.

"Sasa kwenye kisahani chako," Fundi akaendelea, "chakula kipo, vita haipo. Mara moja moja anazaliwa bakteria ambaye jeni ya msimamizi imeharibika. Porini huyo angekuwa hana kazi. Kwako anastarehe! Hatengenezi ute, nguvu zote anatia kwenye kukua. Doa lake linakuwa dogo, kavu, jekundu. Na kila Jumatatu anakuja binti mpole na waya wake wa kuhamishia madoa anamchagua yeye."

"Miezi minne," nikasema.

"Na nusu."

"Kwa hiyo nimeimwagia miche mia moja na ishirini..."

"Maji yenye wageni waungwana."

Nilitaka kulia, lakini Fundi alikuwa ameshafungua droo ya chini kabisa na anatoa kichupa kidogo chenye maji, mfuniko umefungwa kwa utepe. Akiba ya mwanzo. Alisema bakteria hawa wakiwekwa kwenye maji matupu, bila chakula, wanakaa miaka na ukali wao. Akachovya waya, akachora kwenye kisahani kipya. Mimi nikachora kingine kutoka kwa wale wangu.

"Jumatano tutajua," akasema. "Usimwambie Daktari chochote hadi hapo. Tusije tukamwua kwa presha kisha tukute tumekosea sisi."

Ushauri huo niliufuata kwa moyo mkunjufu. Kutomwambia mtu kitu ni kipaji changu.

Jioni nilimkuta Shangazi uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasugua udongo kwenye kucha kwa mswaki wa zamani. Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Amenilea tangu nina miaka saba, na kati yetu sisi wawili yeye ndiye aliyechukua sauti yote. Akicheka, majirani wanapunguza redio ili wasikie vizuri.

"Mama yangu umerudi! Njoo unishike mgongo. Nimemaliza!"

"Umemaliza nini, Shangazi?"

"Shamba! Lote la chini. Nimeng'oa kabichi, zile zilizobaki. Liko wazi kama kiganja."

"Kabichi? Si zilikuwa zimebakiza wiki mbili?"

"Wiki mbili nisubiri nini na miche inakuja Ijumaa? Daktari wako alisema ipandwe siku hiyo hiyo." Akanikonyeza. "Nimewaambia wote pale sokoni. Nimewaambia mnyauko mnaujua? Basi ameupiga mtoto wangu. Yule mnayesema hana mdomo."

Msimu uliopita nilimsaidia Shangazi kung'oa nyanya zake shamba zima. Zilikuwa na matunda ya kijani, zimelala zote, kama watu waliochoka kwa pamoja. Alikata shina moja akalitumbukiza kwenye glasi ya maji, na kutoka kwenye mkato ukashuka uzi mweupe wa ute, mwembamba, polepole. Aliutazama uzi ule kwa muda mrefu. Siku hiyo hakusema neno hadi jioni, na nyumba yetu sijawahi kuisikia ikiwa kimya vile.

"Shangazi," nikaanza.

"Naam."

"Hiyo miche..."

"Eeh, imefanyaje?"

Alikuwa ananitazama, mswaki mkononi, uso umejaa furaha hadi masikioni.

"Itahitaji... nafasi. Kati ya mche na mche."

"Najua! Nimeshapima kwa kamba!"

Nikamkanda mgongo.

Jumatano, Fundi aliweka visahani viwili mezani. Kimoja kilikuwa na vifungo vyangu vyekundu. Cha pili kilikuwa kichafu kwa namna ya ajabu, madoa meupe yamepanuka bila mpangilio, yanang'aa, ukikiinamisha yanataka kutembea. Katikati ya kila doa kulikuwa na pinki kama shavu la mtoto. Yalikuwa mazuri, ukiyatazama kwa kujua.

"Hao ndio wauaji," akasema Fundi kwa upendo.

"Nitamwambia Daktari."

"Leo?"

"Leo."

Akanitazama. Ana watoto watano, anamjua mtu anayeogopa.

"Sikiliza. Tunaweza kusema umeme ulikatika. Kabati likapoa, bakteria wakaharibika. Umeme si unakatika? Nani atauliza? Tunasimamisha ugawaji, tunarudia jaribio, maisha yanaendelea, na wewe hujaguswa."

Nadhani ni wema mkubwa kuliko wote niliowahi kutendewa kazini, na niliufikiria kwa muda wa kutosha kuona aibu. Tatizo ni kwamba Daktari angerekebisha umeme. Angenunua jenereta, angeweka kengele kwenye kabati, na mtu mwingine angekuja baada yangu, asome daftari lilelile, achague yale yenye adabu.

"Hapana, Fundi. Nitamwambia."

"Haya. Ila Ijumaa trei ya kwanza nashika mimi, na haitoki mlangoni hadi mtu aseme. Usipokuwa wewe nitakuwa mimi. Na usinisimamishe sana, unajua hali ya goti."

Kumwambia Daktari kitu si rahisi hata kwa wenye sauti. Ni mtu mnene, mchangamfu, anatembea haraka, na anamalizia sentensi za watu. Nilimpata mlangoni.

"Daktari, nilikuwa nataka kusema kuhusu bakteria..."

"...kwamba wamemaliza kazi yao, tuwachome! Tutawachoma wiki ijayo. Vizuri sana." Simu yake ikalia.

Saa nane nikajaribu tena, kwenye ngazi.

"Daktari, bakteria wana shida."

"Lazima wawe na shida! Wamekutana na nyanya yangu!" Akacheka kwa furaha safi hadi akaegemea ukuta. Nami nikacheka. Niliona mdomo wangu ukicheka kwenye kioo cha dirisha, nikauchukia.

Alhamisi nikaamua kuandika. Kuandika naweza. Nilikaa maabarani saa ya chakula cha mchana nikaandika barua ya ukurasa mmoja, yote, tangu siku ya kwanza nilipochovya waya hadi ua la arobaini na moja, bila umeme na bila kisingizio. Nikaiweka katikati ya meza yake, nikaikandamiza kwa stepla, nikakimbia.

Saa kumi akaniita ofisini. Nilisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Binti," akasema, "asante sana kwa karatasi."

"Samahani, Daktari. Samahani sana."

"Samahani ya nini? Nilikuwa natafuta karatasi ofisi nzima, printa imekula zote, nageuka naona umeniwekea moja." Akaninyooshea barua yangu. Upande wa nyuma alikuwa amechora ramani ya viti vya kesho, mstari kwa mstari, na mahali pa meza ya maji ya kunywa. "Wewe huongei, lakini unaona mahitaji ya watu. Kaibandike mlangoni pa kitalu, ramani ionekane."

Niliichukua. Nikaibandika. Maneno yangu yote yalikuwa yameangalia mbao.

"Umesema?" Fundi akaniuliza tulipokuwa tunafunga.

"Nimeandika."

"Amesoma?"

"Ameketisha watu juu yake."

Fundi akafumba macho. "Kesho," akasema.

Ijumaa jua lilikuwa zuri mno kwa siku kama ile. Viti vilipangwa mbele ya kitalu, na wakulima wakaja na mapema, wengine na mikokoteni, wengine na maboksi ya kubebea miche. Walizungumza, walikunywa maji, walichungulia kwenye plastiki na kutoa sauti za kusifu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, bega kwenye mhimili, trei ya kwanza mikononi. Miche thelathini ya kijani kibichi, imara, mizuri. Haikuwa na kosa lolote, maskini. Ilikuwa haijaulizwa swali tu.

Shangazi alikaa kiti cha mbele kabisa. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, na chini yake, kwa kuwa alikuwa anaenda kupanda moja kwa moja, mabuti ya shamba.

Daktari alizungumza. Alieleza miaka sita kwa dakika kumi na tano, alishukuru watu, alifanya mzaha kuhusu uzito wake, watu wakacheka. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia.

"Kabla hatujaanza, nataka mmwone mtu aliyeilea miche hii. Binti, njoo mbele. Njoo, njoo. Huyu haongei, msimlazimishe, lakini kila asubuhi..."

"Huyo wangu!" Shangazi akapiga kelele. "Huyo nimemlea mimi!"

Vicheko, makofi. Nikajikuta mbele. Kulikuwa na nyuso ishirini na nne, na mmoja kati yake niliujua kuliko wangu. Pembeni, Fundi akahamisha uzito kutoka goti bovu kwenda goti zima na kunitazama.

"Bakteria..." nikasema.

"Sauti!" mtu akaita kutoka nyuma.

"Bakteria walikuwa wapole."

"Hatusikii, mama!"

"Bakteria walikuwa wapole!" Nilipaza sauti hadi koo likakwaruza. "Walipoteza ukali wao! Wote!"

Halafu mzee mmoja mwenye kofia ya nyasi akasimama na kunyanyua mikono yote miwili.

"Mmewatuliza! Hongereni!"

Makofi yakalipuka. Watu walisimama. Mtu akapiga vigelegele. Daktari mwenyewe alikuwa anapiga makofi, macho yamemlowa, ananong'ona sikioni mwangu, "Kwa lugha nyepesi namna hiyo! Mimi miaka sita nimeshindwa."

Nilisimama pale nikishangiliwa kwa kosa langu, na sikujua niweke wapi mikono.

Shangazi hakusubiri kuitwa. Alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika upande mmoja wa trei. Fundi alikuwa ameshika upande wa pili.

"Haya, kaka, lete," akasema Shangazi.

"Subiri kidogo, dada."

"Nisubiri nini? Shamba limekaa wazi tangu Jumatatu."

"Kidogo tu."

"Kaka, mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha. Kaangalie."

"Najua, dada. Ninakuheshimu."

"Basi achia!"

Akavuta. Fundi akavuta. Shangazi akakita buti lake chini na kuvuta tena, na trei ikaanza kwenda na kurudi kati yao kama msumeno, miche inatikisika vichwa, watu wa mbele wanacheka kwa sababu walidhani ni mchezo wa sherehe. Fundi hakucheka. Nilimwona amekunja uso. Goti lilikuwa linamuuma, na alikuwa amebakiza kuvuta kumoja tu kabla hajafungua mdomo wake badala ya wangu.

Nikatazama mikono ya Shangazi kwenye ukingo wa trei. Alikuwa amesugua kucha zikatakata zote, kwa ajili ya leo.

"Shangazi!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Haikuwa yangu, au pengine ndiyo ilikuwa yangu na nilikuwa sijawahi kukutana nayo. Vicheko vikakatika. Daktari akashusha mikono. Shangazi akageuka, trei bado ameishika, akanitazama kama mtu aliyesikia jiwe likiita.

"Usiipande," nikasema. "Hakuna anayejua kama miche hii inauweza mnyauko. Haijajaribiwa. Bakteria niliowamwaga hawawezi kuua hata mche wa kawaida, na ni mimi niliyewafanya hivyo. Kila Jumatatu kwa miezi minne na nusu nilichagua wasiofaa, kwa sababu walionekana wasafi na mimi sikujua, na sikumwuliza mtu. Daktari hakujua. Fundi hakuwepo. Ni mimi. Nimejua tangu Jumatatu, Shangazi, nikakukanda mgongo nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umefurahi na niliogopa. Bakteria walioko shambani kwako si wapole. Ukiipanda miche hii leo na ikalala, itakuwa nimeilaza mimi. Nipeni mwezi mmoja nirudie jaribio kwa bakteria wakali, na ikisimama nitakuletea mwenyewe kichwani hadi shambani. Lakini leo, nakuomba, achia hiyo trei."